Kuyumba kwa Mashimo Meusi Mawili: Mwongozo Kamili wa Kuunda Modeli kwa Kompyuta ya Kawaida

Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi. Coaster ikijaa mapema stendi, na dereva akaacha kuokota abiria kila kona ya Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River, unaweza kushuka Arusha baada ya saa moja na nusu. Mwanga ungeumaliza mwendo huohuo kwa sekunde 0.00027. Shika namba mbili, kilomita 80 na sekunde 0.00027, maana ndizo zitakuwa rula na saa yetu katika kazi yote iliyo mbele.

Tunataka kuandika programu fupi inayofuatilia jinsi mashimo meusi mawili (vitu vizito ambavyo hata mwanga hauponyoki mvutano wake) yanavyoyumba yanapozungukana, huku kila moja likijizungusha kwenye mhimili wake. Hii si picha ya sinema. Milinganyo tutakayotumia ni ya kweli, na inakwenda vizuri hata kwenye kompyuta mpakato ya mtumba kama yangu. Unahitaji lugha ya programu iitwayo Python, pamoja na maktaba zake NumPy (ya hesabu) na Matplotlib (ya michoro). Vipakue siku ukiwa na bando. Baada ya hapo intaneti haina kazi tena. Upande wa hesabu, vekta za kidato cha tano na sita zinatosha, pamoja na wazo kwamba mlinganyo tofautishi ni kanuni inayosema kitu kinabadilika kwa kasi gani sasa hivi.

Kwa nini yanayumba

Mtoto akitupa uwanjani pia, kile kichezeo cha kuzungusha kwa kamba, kichezeo husimama wima, kisha mhimili wake huanza kuchora duara angani kabla ya kuanguka. Pia hiyo huyumba kwa sababu Dunia inaivuta huku ncha yake imeshikwa na ardhi. Mashimo meusi hayana ardhi wala msuguano. Kinachoyayumbisha ni kwamba kila moja linasafiri ndani ya anga lililopindwa na mwenzake. Ubebe mshale ukiwa umeuelekeza upande mmoja, uzunguke nao ndani ya anga lililopinda, ukirudi ulipoanzia utakuta mshale hauelekei tena kulekule. Kila mzunguko unaugeuza kidogo.

Tuna mishale mitatu. L ni momenta ya mzunguko ya obiti: imesimama wima juu ya bapa ambamo mashimo yanazungukana. S1 ni spini (kujizungusha) ya shimo kubwa, na S2 ni spini ya shimo dogo. Jumla yao tunaiita J. Mvutano ukiupindisha mshale wa S1 upande mmoja, L hulazimika kupinda upande wa pili ili J ibaki palepale. Ndiyo maana bapa zima la obiti linayumba, wala si mashimo peke yake. Hapo ndipo penye utamu.

Jambo hili limeshaonekana kwa nyota za nutroni. Katika jozi ya pulsa (nyota za nutroni zinazotoa mapigo ya redio) iitwayo PSR J0737-3039, mhimili wa mojawapo hugeuka nyuzi karibu 4.8 kwa mwaka, yaani humaliza duara kwa miaka 75 hivi. Kwa mashimo meusi yanayokaribia kuungana, duara kama hilo ni suala la sekunde. Wimbi la uvutano (mtikisiko wa anga unaotoka kwenye jozi kama hii) lililonaswa tarehe 29 Januari 2020, GW200129, lilichambuliwa na watafiti walioandika mwaka 2022 kwamba lina alama za kuyumba kukali. Wengine wakajibu kwamba kelele iliyoingia kwenye kifaa cha Livingston, kimojawapo cha vifaa vya LIGO vya Marekani vinavyonasa mawimbi hayo, ndiyo inayotia shaka. Mabishano ya namna hiyo hayamalizwi bila modeli.

Hatua ya kwanza: achana na kilo na mita

Anayeanza kwa kuandika G (thabiti ya uvutano) na c (kasi ya mwanga) kwenye programu yake atapotea kwenye sifuri ndani ya nusu saa. Fanya G = 1, c = 1, na uzito wa mashimo yote mawili kwa pamoja uwe 1. Kila Jua moja la uzito ni sawa na kilomita 1.477 za urefu na mikrosekunde 4.925 za muda. Ukichagua jozi yenye uzito wa Majua 54, kipimo kimoja cha urefu kinakuwa kilomita 79.7, na kipimo kimoja cha muda kinakuwa sekunde 0.000266. Ni barabara yetu ya Arusha, na muda wa mwanga kuipita.

Nimelichagua 54 kwa makusudi. Umbali kati ya mashimo tunauita r; kila unaposoma r = 20 kwenye skrini, waza mara ishirini ya Moshi–Arusha. Akili inashika kitu.

Mfano wetu: shimo kubwa m1 = 0.75 (Majua 40.5) na dogo m2 = 0.25 (Majua 13.5). Uwiano q = m2/m1 ni theluthi moja. Zao la m1 na m2 tunaliita eta, nalo ni 0.1875. Spini ya shimo ni χ × m², ambapo m ni uzito wake na χ, kiwango cha kujizungusha, haipungui 0 wala haizidi 1. Tulipe shimo kubwa χ = 0.8, hivyo urefu wa S1 ni 0.45, na mhimili wake uwe umelala nyuzi 60 kutoka kwenye L. Shimo dogo tuliache bila spini kwanza.

Hatua ya pili: saa tatu tofauti

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, kokotoa kwa kalamu. Katika r = 20, mzunguko mmoja wa obiti unachukua vipimo 562 vya muda, yaani sekunde 0.15. Duara moja la kuyumba, kama r isingepungua, lingechukua vipimo karibu 17,750, yaani sekunde 4.7. Kwa hiyo kuna obiti 32 hivi ndani ya myumbo mmoja. Saa ya tatu ni ya kusinyaa: mawimbi ya uvutano yanabeba nishati, r inapungua, na kutoka 20 hadi kugongana kumebaki vipimo karibu 16,670, sekunde 4.4.

Kwa kuwa obiti iko mbali sana kwa kasi kuliko kuyumba, hatuna haja ya kufuatilia kila shimo liko wapi kwenye duara lake. Tunachukua wastani wa obiti nzima na kufuatilia mishale peke yake. Njia hii iliwekwa wazi mwaka 1994 na Theocharis Apostolatos, Curt Cutler, Gerald Sussman na Kip Thorne. Huyu wa mwisho ndiye aliyeshiriki Nobeli ya Fizikia ya 2017.

Hatua ya tatu: milinganyo na programu

Kanuni ya mshale wa spini ni moja tu: unazunguka kumfuata L. Kwa shimo kubwa kasi ya kuzunguka ni (2 + 1.5q) × L ÷ r³. Kwa dogo, weka 1/q mahali pa q. Kwa mfano wetu vizidishi ni 2.5 na 6.5, kwa hiyo mhimili wa shimo dogo hugeuka upesi zaidi. Urefu wa L ni eta × √r. Kusinyaa kwa r kunafuata kanuni ya Philip Peters ya mwaka 1964: −64 × eta ÷ (5r³).

Zao mtambuka, np.cross, ndilo linalogeuza mshale bila kuurefusha: tokeo lake lina pembe mraba na mishale yote miwili.

```
import numpy as np

m1, m2 = 0.75, 0.25
eta, q = m1*m2, m2/m1

def badiliko(y):
    r, Lh, S1, S2 = y[0], y[1:4], y[4:7], y[7:10]
    L = eta*np.sqrt(r)
    w1 = (2 + 1.5*q)*L*Lh/r**3
    w2 = (2 + 1.5/q)*L*Lh/r**3
    dS1 = np.cross(w1, S1)
    dS2 = np.cross(w2, S2)
    dLh = -(dS1 + dS2)/L
    dr = -64*eta/(5*r**3)
    return np.concatenate(([dr], dLh, dS1, dS2))

def hatua(y, h):
    k1 = badiliko(y)
    k2 = badiliko(y + h*k1/2)
    k3 = badiliko(y + h*k2/2)
    k4 = badiliko(y + h*k3)
    return y + h*(k1 + 2*k2 + 2*k3 + k4)/6

p = np.radians(60)
y = np.array([20, 0, 0, 1,
              0.45*np.sin(p), 0, 0.45*np.cos(p),
              0, 0, 0])
t, kumbukumbu = 0.0, []
while y[0] > 6:
    kumbukumbu.append(np.append(t, y))
    h = 0.1*y[0]**1.5
    y, t = hatua(y, h), t + h
kumbukumbu = np.array(kumbukumbu)
```

Lh ni mwelekeo wa L wenye urefu wa 1. Angalia mstari wa dLh: ndipo sheria ya J kubaki palepale ilipojificha. Spini zikienda kulia, L inaenda kushoto kwa kiasi hichohicho.

Kipande kiitwacho hatua hupima badiliko mara nne, k1 hadi k4, na kuchukua wastani. Angalia na mstari wa h. Hatua si ya urefu mmoja. Inafupika mashimo yanapokaribiana, na kila moja ni sehemu ya kumi ya radiani ya obiti. Programu nzima ni hatua 2,800 na kitu, kazi ya sekunde chache. Hata umeme ukikatika katikati, hujapoteza kitu.

Hatua ya nne: ukaguzi, na hapa usiharakishe

Toleo langu la kwanza halikuwa na k1 hadi k4. Nilizidisha badiliko kwa hatua moja ya vipimo 60, nikajumlisha, basi. Mchoro ulitoka mzuri ajabu: mshale wa L ukichora koni inayopanuka, inapanuka, inapanuka. Nilikaa nao hadi saa nane usiku nikiamini nimeelewa kitu ambacho wengine hawajakiona. Jumamosi nikawaonyesha vijana ninaowafundisha. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, samahani. Huo mshale wa spini mbona unarefuka?"

Nikapima. χ iliyoanza na 0.8 ilikuwa imepita 1. Shimo jeusi haliwezi kujizungusha kwa kiwango hicho. Nilichogundua kilikuwa kosa la hesabu tu: hatua ya moja kwa moja kwenye duara daima hukutupa nje kidogo ya duara, na ukirudia mara mia mbili "kidogo" inakuwa kingi.

Tangu siku hiyo sitazami mchoro kabla ya kuchapa namba zifuatazo.

Urefu wa S1: lazima ubaki 0.45 tangu mwanzo hadi mwisho. Urefu wa Lh: lazima ubaki 1. Hatukuiagiza programu iulazimishe. Milinganyo yenyewe inautunza, na ukipotea ujue kuna alama ya kutoa au kujumlisha uliyoikosea. Pembe kati ya S1 na Lh: kwa spini moja pekee haitakiwi kubadilika, nyuzi 60 mpaka mwisho.

Kisha zima mawimbi. Weka dr = 0, acha programu itembee vipimo 20,000 vya muda badala ya kusubiri r ifike 6, na uchape J yote, vipande vyake vitatu. Isisogee hata kwenye tarakimu ya tisa. Hili ndilo jaribio la mstari wa dLh, nami huona ajabu jinsi wengi wanavyoliruka. Ikisogea, mstari huo umeandikwa vibaya. Urefu wa S1 au wa Lh ukisogea, punguza h kwa nusu. Kosa likipungua mara kumi na sita au zaidi, tatizo lilikuwa ukubwa wa hatua. Likibaki vilevile, tatizo ni mlinganyo ulioandikwa vibaya, na hakuna kompyuta ya bei yoyote itakayokuokoa.

Sasa washa dr tena ulinganishe na hesabu ya kalamu. Muda wa kufika r = 6 ni (20⁴ − 6⁴) × 5 ÷ (256 × eta), yaani vipimo 16,532, sekunde 4.4. Programu ikikupa 12,000, rudi nyuma.

Hatua ya tano: kutazama koni

Kosa la kawaida ni kuchora Lh kwenye mihimili ya x, y na z uliyoanza nayo. Unapata tao la kiajabu lisiloeleweka. Obiti inayumba kuzunguka J, basi simama kwenye J na utazame chini, kama mtu aliye kileleni Kibo akiangalia njia zinazozunguka mlima.

```
L0 = eta*np.sqrt(20)*np.array([0, 0, 1])
J0 = L0 + kumbukumbu[0, 5:8]
e3 = J0/np.linalg.norm(J0)
Lh = kumbukumbu[:, 2:5]
e1 = Lh[0] - np.dot(Lh[0], e3)*e3
e1 = e1/np.linalg.norm(e1)
e2 = np.cross(e3, e1)
a, b = Lh @ e1, Lh @ e2
pembe = np.unwrap(np.arctan2(b, a))
print(pembe[-1]/(2*np.pi))
```

Chora a dhidi ya b. Utaona umbo la konokono: linaanza umbali wa 0.34 kutoka katikati na kuishia karibu 0.49. Hiyo ni koni ya nyuzi 20 iliyofunguka hadi karibu 30. Namba inayochapwa mwishoni ni idadi ya myumbo, nayo iwe mbili na robo hivi. Hesabu yangu ya kalamu inatoa 2.26. Katika muda huohuo obiti zimepita 45.

Sababu ya koni kufunguka ni rahisi. Mawimbi yanakula L, lakini hayagusi urefu wa S1. L ikifupika, J inasogea kuelekea S1, na L inabaki imetengwa mbali zaidi na katikati. Mwanzoni obiti ndiyo mwenye nyumba; mwishoni spini inakaribia kuwa sawa naye.

Ukitaka kusikia wanachosikia watu wa LIGO, chagua mshale N wa urefu 1 unaoelekea kwa mtazamaji, kisha chukua c = Lh · N (hapa c si kasi ya mwanga). Wimbi lina maumbo mawili, la jumlisha na la kuzidisha. La jumlisha lina ukubwa unaoendana na (1 + c²) ÷ 2r, na la kuzidisha c ÷ r. Mweke N sambamba na J: karibu hakuna cha kuona, wimbi linakua polepole bila kupanda na kushuka. Sasa mweke N pembe mraba na J. Umbo la kuzidisha linafifia mpaka sifuri na kurudi, mara mbili kwa kila myumbo. Mashimo ni yaleyale, ila umekaa upande mwingine. Ndiyo maana kuyumba ni kugumu kukuthibitisha: jozi nyingi huenda zinayumba huku sisi tumekaa mahali pabaya. Masafa ya wimbi kwa mfano wetu yanaanzia karibu hezi 13 na kufika 81 katika r = 6, ndani ya eneo ambalo vifaa vya ardhini vinasikia.

Hatua ya sita: ongeza spini ya pili

Hapa ongeza vipande viwili ambavyo tulivificha: spini mbili kuvutana, na ubapa wa shimo lenyewe. Shimo linalojizungusha linatuna kiunoni, na kiuno hicho kinavutwa na mwenzake. Badili w1 na w2:

```
    w1 = ((2+1.5*q)*L*Lh - 1.5*np.dot(q*S1+S2, Lh)*Lh + 0.5*S2)/r**3
    w2 = ((2+1.5/q)*L*Lh - 1.5*np.dot(S2/q+S1, Lh)*Lh + 0.5*S1)/r**3
```

Jaribu kwanza huku S2 ikiwa bado sifuri. Idadi ya myumbo itashuka kutoka 2.26 hadi karibu 2.11, kwa sababu ya ubapa peke yake. Halafu ulipe shimo dogo χ = 0.6, yaani S2 yenye urefu wa 0.0375, uilaze upande wowote. Konokono wako ataanza kutetemeka kidogo pembeni. Pembe kati ya S1 na Lh sasa inapanda na kushuka, kwa hiyo ukaguzi wa nyuzi 60 haufai tena. Badala yake chapa (S1/m1 + S2/m2) · Lh. Hiyo ndiyo spini fanisi, na katika milinganyo hii haibadiliki kabisa, hata mawimbi yakiwa yamewashwa.

Mahali pa kusimama

Tulisimama kwenye r = 6 kwa sababu mbele ya hapo kasi ya shimo moja kulinganisha na mwenzake inapita asilimia 40 ya kasi ya mwanga, na wastani wa obiti hauna maana tena; obiti zilizobaki ni chache na kila moja ni tofauti na iliyotangulia. Kuungana kwenyewe kunahitaji milinganyo kamili ya Einstein kwenye kompyuta kubwa, kazi aliyoifanikisha Frans Pretorius kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Ukitaka sehemu hiyo bila kompyuta kubwa, kuna modeli iitwayo NRSur7dq4, iliyojengwa kutokana na majibu ya kompyuta hizo. Inafaa kwa uwiano wa uzito hadi 4 na spini hadi 0.8, kwa obiti takriban 20 za mwisho. Mfano wetu uliwekwa kwa makusudi ndani ya mipaka hiyo, ili siku ukiipata ulinganishe.

Kabla hujafunga kompyuta, rudi kwenye programu ya mwanzo, ile ya spini moja. Weka m1 = 0.8, m2 = 0.2, χ = 0.9, na p ya nyuzi 175, yaani spini karibu kinyume kabisa na obiti. S1 sasa ina urefu wa 0.576, ibadilishe kwenye mstari wa y. L inaanza ikiwa ndefu kuliko S1, na kusinyaa kunaifupisha mpaka zinalingana karibu na r = 13. Hapo L na S1 zinafutana, J inakaribia kuwa sifuri, na obiti haina tena kitu cha kuzunguka. Chora konokono. Ataanza kupinda kwa adabu kuzunguka katikati ya karatasi, lakini kabla ya kufunga hata duara moja ataachia njia na kukimbilia nje, maana J mpya imegeuka na kufuata S1, na koni inaanza kuchorwa upya upande mwingine kabisa wa anga.